Damu ya Msimu wa Nne

Huanza na choya. Nusu gunia kutoka Gikomba,
maua makavu, makali ya kukunja uso,
nayachemsha ghalani, Barabara ya Enterprise,
mpaka madirisha yatoke jasho.
Sukari kilo nne. Wanga wa muhogo, kijiko baada ya kijiko,
iwe nzito, ishuke shingoni
kama mtu anayeshuka ngazi umeme umepotea.
Mwisho tone moja la buluu. Bila hilo
kamera huona sharubati.

Hiyo ndiyo kazi yangu.
Mama huwaambia majirani kwamba Syombua anapika.

Msimu wa kwanza mumiani walikuwa wawili, na ndoo moja.
Wa pili wakavuka reli, wakaingia Makongeni.
Wa tatu, Chelang'at alimchoma mkuu wao kwa mguu wa stuli
na Umoja nzima ikalipuka, ghorofa kwa ghorofa,
ungedhani bao limeingia.
Sasa ni wa nne. Mkuu amefufuka,
maana mwenye stesheni amesema afufuke.

Odanga, ndiye huyo mkuu, huvua meno yake ya plastiki
akayalaza juu ya tishu, akala chapati na maharagwe
upande wa kushoto tu. Gego la kulia limeoza.
Anamwogopa daktari wa meno kuliko kigingi.
Saa tisa usiku, Julai, baridi ya kung'ata masikio,
analala ndani ya jeneza
kwa sababu lina godoro.

Bibi yangu hakucheka habari hizi.
Enzi za mkoloni, alisema, hukupita karibu na gari la zimamoto
giza likishaingia:
wangekutia ndani, wakuning'inize, wakukamue,
urudi umekauka kama gunzi, au usirudi.
"Na siku hizi," akauliza, "mumiani analipwa?"
Analipwa, bibi.
Siku tisini baada ya ankara.

Kipindi cha saba. Wanjeri, mwongozaji wetu,
aliitazama damu yangu kwenye skrini yake ndogo,
akatikisa kichwa.
"Nyeusi mno. Haing'ai. Hii si damu, Syombua."
Sikumjibu. Siku hiyo niliipika kwa kumbukumbu:
Barabara ya Jogoo, Muthengi, mdogo wangu, pikipiki juu ya mguu wake,
na ile iliyomtoka sikioni haikung'aa kabisa,
ilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa,
lami ikainywa
kabla sijafungua leso.

Nikaongeza sukari. Nikaongeza wekundu.
"Hapo sawa," akasema. Taa zikawaka.
Chelang'at akafa vizuri sana.

Alfajiri, kizuizi cha polisi, Barabara ya Mombasa.
Afisa akafungua buti, akaona mitungi mitatu,
akarudi nyuma hatua mbili.
"Ya nani?"
"Ya televisheni."
"Nimeuliza, ni ya nani?"
Nikachovya kidole. Nikalamba.
Alinitazama kama mtu aliyekumbuka ghafla
jambo ambalo bibi yake pia alimwambia.
"Pita. Pita haraka."
Nikawasha gari. Akagonga kioo kwa pete.
"Lakini dada, Chelang'at… atarudi?"
Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua:
kipindi cha nane kilikuwa bado hakijaandikwa.

Msimu ukaisha. Hakuna aliyetupigia simu kuhusu wa tano.
Mitungi miwili niliiosha, nikamrudishia muuza maziwa.
Ule mweusi, uliokataliwa,
uko nyuma ya friji, umefunikwa kwa sahani.
Mama akienda kuchukua siagi huuzunguka
bila kuuliza.

Jana sisimizi waliupata,
mstari mwembamba kutoka dirishani.
Nikachukua kitambaa, nikakilowesha,
nikasimama nacho.
Kisha nikakirudisha msumarini.